Diski Niliyoilinda Mwenyewe

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Naanza na hilo ili nisiwapotezee muda, maana najua wapo wasomaji wanaonunua gazeti hili kila wiki kwa kazi moja tu: kuhakikisha kwamba Gervais bado hajapata akili. Laleni salama. Hajapata.

Kwa waliochelewa, mimi ni Mrundi wa Rumonge, na huu ni mwaka wangu wa tisa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Kazi yangu ni kusema. Kwetu hakuna posa bila msemaji. Familia ya kijana inaleta wake, familia ya binti inaweka wake, na hao wawili wanachapana kwa maneno matamu mbele ya watu mpaka mmoja alegee. Mimi hukodishwa. Nimewasemea vijana wengi wakapewa wake, na baadhi yao hawakustahili kupewa hata paka.

Wiki iliyopita niliwaacha pale ambapo Marcienne, mama yake Élyse, baada ya kunikataa mara mbili, alikubali nije kumposa binti yake Jumamosi. Nilimtaka Élyse kwa miaka mitatu. Mara ya kwanza mama yake alisema nina maneno mengi. Mara ya pili alisema sina lingine zaidi ya hayo maneno.

Sasa, kijana hajisemei posa yake mwenyewe. Msemaji wangu alikuwa awe baba mdogo Patrice, mtu mwema, mwenye ulimi mzito kama jembe lililotoka kwenye tope. Ikabidi nimfundishe. Nikarekodi kwenye laptop mazungumzo yote ya posa, kwa Kirundi, nikicheza pande zote mbili: msemaji wetu kwa sauti yangu mwenyewe, na Marcienne kwa sauti ya puani, sauti ya mtu anayenusa maziwa ya jirani kuona kama yameganda.

Nilirekodi mara kumi na nne. Ya kwanza ilikuwa ya kufundishia. Kumi na tatu zilizobaki, nakiri, niliita marafiki waje wacheke.

Na mjue kwamba kwetu mkwe hamtaji mama mkwe kwa jina. Humu namtaja kwa sababu gazeti halina adabu. Kwenye zile rekodi nilimtaja kwa sababu mimi sina.

Tatizo lilikuwa laptop. Ukiiwasha, unabandika maharage, maharage yanaiva, unakula, unaosha sahani, ndipo inakuuliza neno la siri. Baba mdogo Patrice alikuwa akisinzia kabla sauti haijaanza. Watu wakanishauri: toa hiyo diski ya zamani, yenye sahani inayozunguka ndani, uweke SSD, ambayo ndani yake hakuna kinachozunguka. Utadhani umenunua mashine nyingine. Na fundi wa kuiweka yuko mjini Mbarara, mtaa wa Kakoba.

Hapo dharau yangu ikanitangulia mjini.

Nakivale kila mtu ana hadithi ya fundi wa Mbarara. Ulipeleka simu yenye betri nzima, ikarudi na betri ya marehemu. Ndiyo maana tuna sheria zetu. Unakaa mbele ya fundi. Huondoi jicho. Na spea ya zamani inarudi mfukoni mwako, hata kama imeungua, hata kama imevunjika vipande viwili. Iwe pikipiki, iwe redio, iwe mashine ya kusagia, sheria ni hiyo hiyo.

Mimi nikaongeza ya kwangu. Nilichukua rangi ya kucha ya Élyse, nyekundu, nikatia nukta kwenye kila skrubu. Kisha nikafungua kifuniko, nikatia nukta nyingine kwenye diski yenyewe.

Fundi alikuwa mwanamke. Mnyankole, jina lake Ainembabazi, amekaa nyuma ya meza iliyojaa matumbo ya kompyuta.

“Fundi yuko wapi?” nikamuuliza.

“Iko hapa. Nakuangalia.”

Akaigeuza laptop, akaziona nukta.

“Ssebo,” akasema, yaani bwana, “umeleta kompyuta ama bibi arusi?”

“Ni alama. Kila kitu kirudi kama kilivyokuja.”

“Ehee. Na wewe mwenyewe umepakwa wapi? Mimi naweza badilisha wewe pia.”

Wenye vibanda vya jirani wakacheka. Nikajikaza. Nikaomba nione hiyo SSD, nikaipima kiganjani.

“Hii nyepesi kama biskuti. Ndani hakuna kitu.”

“Na ile nzito imekusaidia nini?”

Akanieleza kwa kifupi, kama anavyoelezwa mgonjwa asiyekuwa na ndugu. Ataiunganisha diski mpya kwa waya, anakili kila kitu kutoka ile ya zamani, halafu atafungua, atoe ile na kuingiza hii.

“Masaa tatu, ama nne. Hii yako imechoka. Enda kunywa chai.”

“Sinywi chai.”

“Enda basi choo.”

“Siendi.”

Na kweli sikwenda. Nilikaa kwenye kigoda chake kutoka saa tatu asubuhi mpaka saa saba mchana, kibofu kikinisihi kwa lugha zote ninazozijua. Wateja walikuja, walinitazama, walimuuliza fundi kwa Kinyankole kama mimi ni mlinzi mpya. Aliwajibu kitu, wakacheka tena. Niliwadharau wote kwa pamoja, kuokoa nguvu.

Hatimaye akafunga skrubu ya mwisho, yenye nukta yake, akabonyeza. Laptop ikawaka kabla sijamaliza kukohoa. Picha zangu zipo. Barua zangu zipo. Rekodi zangu kumi na nne zipo.

Ainembabazi akaishika ile diski ya zamani.

“Hii nifute? Vitu yako iko bado ndani yote. Ni dakika kidogo. Bure.”

Bure. Niliposikia neno hilo nikajua mtego ndio huu. Tangu lini fundi wa mjini akakufanyia kitu bure? Anataka niende zangu, abaki na diski, anipe nyingine.

“Usiiguse. Alama yangu iko wapi?”

Akanionyesha nukta nyekundu.

“Ssebo, nakuambia tena. Ukipatia mtu hii kitu, ataona mambo yako.”

“Mambo yangu nimeyaona yako ndani ya mpya. Mbuzi wakishaingia zizi jipya, zizi la zamani lina nini?”

Akaipangusa diski vumbi.

“Mavi,” akasema, akaniwekea diski mkononi.

Nilitoka pale mshindi. Nilipinda nyuma ya ukuta wa kwanza kumaliza haja yangu, kisha nikarudi Nakivale nikiimba. Jioni ile nilimsimulia Élyse yote. Jinsi nilivyomlinda yule mwanamke. Jinsi ambavyo hata kope sikupepesa. Jinsi ambavyo hata kukojoa sikwenda. Élyse alicheka, akasema mume wa namna hiyo hata mwizi atamwonea huruma. Nililichukua neno hilo kama sifa.

Kesho yake nikampelekea Gradi diski.

Gradi ni Mkongomani wa Fizi. Ana kibanda Base Camp, hapa hapa Nakivale, anachaji simu kwa jua na anajaza nyimbo kwenye memori za zile redio ndogo ambazo akina mama huzining'iniza shingoni wakienda shambani. Pia ana spika mbili kubwa, na mimi nilikuwa na sherehe Jumamosi. Yeye diski yake ilikuwa imejaa. Tukaelewana: diski iwe yake, spika ziwe zangu kwa siku moja.

“Iko na kitu mu ndani?” akauliza.

“Tupu.”

“Tupu ya kweli?”

“Gradi, mimi nimetoka Mbarara jana. Kila kitu kimekwenda kwenye mpya. Unataka nikuapie?”

“Bon. Basi samedi utakamata bafle zote mbili.”

Nikaondoka nikimhurumia. Mtu mzima anatoa spika mbili anapokea kipande cha chuma. Ndivyo walivyo Wakongomani, nikasema moyoni, wanajua kuimba tu.

Wiki ile watu walianza kunipenda. Kuanzia Jumatano, kila mama wa Kirundi niliyekutana naye njiani alinisalimia huku ameziba mdomo. Mmoja aliniuliza hali ya ng'ombe. Nikadhani ni heshima anayopewa bwana harusi. Nikatembea taratibu zaidi ili wanione vizuri.

Ijumaa asubuhi nilikuwa nakwenda kwa baba mdogo Patrice kumsikiliza kwa mara ya mwisho. Nikapita kando ya mashamba ya maharage. Akina mama watano sita walikuwa wakipalilia, redio imetundikwa kwenye mti wa uzio. Ndani ya redio mwanamume alikuwa akisema.

Sauti nzuri. Yenye kupanda na kushuka, ya mtu anayejua kuliacha neno litue kabla ya kuleta lingine. Nikasimama kuisikiliza kwa heshima. Nikajiuliza, nani huyu mwenye kipaji namna hii, na kwa nini sijapata kumsikia?

Ndipo nikasikia kikohozi changu.

“Ndugu zangu,” nikasema kutoka kwenye redio, “Marcienne anataka ng'ombe. Kumpa mama huyu ng'ombe ni kumtesa ng'ombe. Mkono mmoja una rozari, wa pili unafunua sufuria ya jirani. Élyse nitamchukua, lakini mama yake nimwachie nani? Tuombe wazungu wa ofisi ya wakimbizi wampatie safari ya Kanada, na Kanada tuiombee pia.”

Mama mmoja alikuwa amejishika kiuno kwa kicheko, jembe limeanguka.

“Rudisha,” akamwambia mwenzake. “Rudisha pale pa ng'ombe.”

Sikuaga. Nilikimbia mpaka kwa Gradi, nikafika sina pumzi.

“Gradi, umeweka nini kwenye redio za watu?”

“Mahubiri.”

“Mahubiri gani?”

“Ya Kirundi. Yenye iko ku ile disque yako. Ulisema iko tupu, minaifungua, minakuta imejaa. Minasikia mutu anasema na nguvu, anashuka, anapanda, nyuma bantu banacheka na banapiga mikono. Minasema, ule ni pasta, na ni pasta mukubwa.”

Gradi hajui Kirundi hata cha kuombea maji.

“Hukusikia kwamba ni sauti yangu?”

“Miye najua sauti yako ya Kiswahili. Ya Kirundi, bote munalia sawasawa.” Akaendelea kufungua simu ya mtu, hana wasiwasi. “Bamama ba Burundi kila siku banakuja kuuliza maombi ya kwabo, miye sina. Sasa Mungu analeta kumi na ine. Minabatilia bote mu memori. Banafurahi mingi, hata bale ba Legio ya Maria. Banarudi, banasema, Gradi, ya kesho iko?”

“Nani alikuwa wa kwanza?”

“Ule mama mwenye utaoa mutoto wake. Ye njo alikuwa wa kwanza, Jumanne. Alikuja kutafuta rozari ya ku redio.”

Nikakaa chini, juu ya betri ya gari.

“Toka apo,” akasema Gradi. “Iyo inachoma suruali. Na usiniangalie vile. Weye njo ulisema iko tupu.”

Msomaji, mtu akishazama bado anashika jani. Nilijiambia: labda redio ya Marcienne iliishiwa chaji. Labda yuko kwenye ya kwanza, ile ya kufundishia, yenye adabu. Nikamwomba Gradi memori mpya, tukaijaza nyimbo za misa, nikaenda nayo nimeifunga kwenye karatasi kama sakramenti.

Marcienne alikuwa amekaa mbele ya nyumba, ungo mapajani, anachambua maharage ya sherehe ya kesho. Redio ilikuwa shingoni mwake, kimya. Élyse alikuwa pembeni, anaosha glasi ndani ya beseni. Nilisalimia kwa mikono miwili, macho chini, kama mkwe anavyotakiwa.

“Mama, nimekuletea zawadi. Memori yenye nyimbo za misa, za kwetu. Nipe redio nikubadilishie.”

“Asante, mwanangu. Hii niliyo nayo inanitosha.”

“Hii ni nzuri zaidi.”

“Haiwezi kuwa nzuri zaidi.” Alitoa kijiwe kwenye ungo, akakitupa karibu na kiatu changu. “Hii ina ng'ombe.”

Glasi ikagonga glasi ndani ya beseni. Élyse hakuinua uso.

Kulikuwa na njia mbili, kutubu na kusema uongo. Mimi ni mtu wa kazi yangu.

“Mama, ile si sauti yangu. Siku hizi kuna kompyuta zinazoiga sauti ya mtu. Zinawaiga hata marais.”

“Kompyuta.”

“Ndiyo, Mama.”

“Na hiyo kompyuta ilikula kwangu Pasaka?”

“Kwa nini?”

“Ya sita inasema maharage yangu ya Pasaka yalikuwa na mawe matatu. Tulikula watu wanne. Kompyuta sikuiona mezani.” Kijiwe kingine kikatua karibu na kiatu. “Ndiyo maana leo nachambua vizuri.”

Nikageukia upande wa pili.

“Basi ni yule fundi wa Mbarara. Ameingia humo ndani, amechukua mambo ya faragha, ameyasambaza. Hawa mafundi wa mjini, Mama, mnawajua.”

“Gervais.” Huyo alikuwa Élyse. “Uliniambia hukumwondolea jicho.”

“Kuna wakati nilisinzia.”

“Uliniambia hata kope hukupepesa. Uliniambia hata kukojoa hukwenda.”

Hakuna balaa kama mwanamke anayekusikiliza unapojisifu.

“Sawa,” nikasema. “Ni mimi. Lakini ilikuwa kazi. Nilikuwa namfundisha baba mdogo Patrice, asije akatuaibisha mbele yenu.”

“Ya kwanza ilikuwa ya kumfundisha,” akasema Marcienne. “Nimeisikia. Nzuri, umesema vizuri. Hizo kumi na tatu ulikuwa unamfundisha nani?”

Nikaanza kuvihesabu vile vijiwe. Mimi, ambaye familia tatu zimenikodi mwezi huu kwa sababu sikosi jibu.

“Nilidhani vitu vikishahamia kwenye diski mpya, ya zamani inabaki tupu,” nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi sikuipenda.

“Wewe mwana wa Rumonge unasema hivyo.” Kwa mara ya kwanza alinitazama usoni. “Tulipohama, mimi nilivuka na sufuria moja na huyu binti nimemshika mkono. Nyumba ilibaki imejaa, mpaka vitanda, mpaka picha za ukutani, na wengine wakaingia wakavitumia. Nani kakufundisha kwamba mtu akihama huacha nyumba tupu?”

Hapo ningenyamaza. Mtu mwenye akili angenyamaza, akapiga magoti, akaokota vile vijiwe kimoja kimoja. Lakini nilimwona Élyse ameishika glasi moja muda mrefu, anaisugua mahali palepale, nikaogopa. Na mimi nikiogopa huwa najivuna.

“Basi semeni wazi kama posa imevunjika,” nikasema. “Niende niwaambie watu wangu wasijisumbue. Au tuiahirishe. Wiki mbili tatu, watu wasahau, halafu tukae kama watu wazima. Kesho haiwezekani. Kesho uwanja wote utakuwa unanicheka mimi, na wewe pia, Mama, utakuwa unakucheka. Nani atasema nini mbele yao?”

Marcienne aliuweka ungo chini. Akapangusa mikono kwenye kitenge. Élyse aliinamia beseni, mabega yakaanza kumtikisika, na mpaka ninapoandika haya sijui alikuwa analia au alikuwa anacheka.

“Nani kakwambia imevunjika?” akasema Marcienne. “Kesho saa nane, kama tulivyopanga. Mzee Ladislas ndiye alikuwa atusemee upande wetu, nimemwambia akae, ale, apumzike. Msemaji wetu ni huyu.” Akaigonga redio kifuani mwake kwa kidole. “Wewe leta spika.”